SOMO: FL Studio kuanzia sifuri hadi kuhamia toleo jipya (soma lote kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, wiki hii peke yake nimepata jumbe 11 zenye swali lilelile: "Kaka, nianzie wapi na FL?" na mdogo wake, "Kaka, nimeapdeti, biti zangu hazifunguki." Nimejibu mpaka kidole gumba kinauma. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu bila salamu.

Nimechagua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa vijana wengi hapa Dar, kuanzia vyumba vya singeli vya Manzese na Mburahati. Ni ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na ilizaliwa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ndiyo maana wakongwe bado wanaiita "Fruti". Cubase, Logic, Ableton na Reaper nazo zinatoa muziki. Ubishi wa ipi kiboko uendeni mkaufungulie uzi wake.

Hatua ya 1: Mashine. Windows ya biti 64 (hii ni 64-bit ya kompyuta, siyo biti ya muziki), RAM ya GB 8. GB 4 itafungua programu, ila utajuta ukianza kupanga plagini, yaani programu ndogo za vinanda na madoido zinazofanya kazi ndani ya FL. Ukienda Kariakoo kununua laptopu ya mtumba, beba hedifoni zako, chomeka, cheza wimbo hapohapo mbele ya muuzaji. Tundu la hedifoni lenye mikwaruzo ni ugonjwa ambao hakuna atakayekutajia.

Hatua ya 2: Shusha kwenye tovuti ya Image-Line yenyewe. Faili linazunguka GB 1, tumia bando la usiku.

Hatua ya 3: Sakinisha. Next, next, umemaliza.

Hatua ya 4: Majaribio au kununua. Toleo la majaribio halina kikomo cha siku. Unatengeneza biti, unahifadhi, unatoa faili la sauti la WAV au MP3. Kasoro yake ni moja: kazi uliyoihifadhi na kuifunga haifunguki tena mpaka ununue. Siku ukinunua, zile za nyuma zote zinafunguka. Mimi nasema anza hivyohivyo, maliza biti kwa mkao mmoja, utajifunza kuamua haraka.

Ukifika kwenye kununua, angalia hapa vizuri. Nakala ya bei ya chini inaitwa Fruity, dola 99, na hairekodi sauti. Kama utaingiza waimbaji, anzia nakala ya Producer. Nimeshaona mtu kanunua Fruity, kamwita msanii, wakakaa wanatazamana. Habari njema ni kwamba ukishalipa, matoleo yote yajayo ya nakala yako unapewa bure. Kulipa, tumia kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye pochi ya simu.

Krak, yaani programu iliyovunjwa leseni, sifundishi. Nilianza nayo kama wengi wetu, flashi ya kupewa, "zima antivairasi kwanza halafu endelea". Fikiria mwenyewe mgeni anayekuambia ufunge mbwa kabla hajaingia.

Hatua ya 5: Driva ya sauti. Options, Audio settings, chagua FL Studio ASIO. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, tumia ASIO ya kadi hiyo. Halafu kuna namba ya bafa, yaani sampuli ngapi za sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuzipitisha. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 12, na 2048 ni kama 46. Ukirekodi, shusha hadi 256 kama mashine inaweza. Ukimiksi, pandisha. Ikianza kukwaruza, pandisha tena. Basi.

Hatua ya 6: Sampo, yaani vipande vya sauti kama ngoma unavyotumia kwenye biti, zote folda moja, ndani ya kompyuta. Siyo Downloads, siyo desktopu, na siyo flashi ya mtu.

Hatua ya 7: Hifadhi ya kujiendesha. Options, File settings, weka kila dakika 5. Umeme haupigi hodi.

Hatua ya 8: Kuhamia toleo jipya. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo vumilieni.

Mwaka 2023 nilikuwa na kazi ya wimbo wa harusi. Shughuli Jumamosi, hiyo ilikuwa Alhamisi usiku, na wimbo ulibaki kumiksi tu. Nikaona tangazo la toleo la 21, roho ikanipwita. Diski ilikuwa imejaa, nikafuta la 20, nikaweka jipya. Nilichosahau ni kwamba la zamani nilikuwa nalitumia la biti 32, na jipya ni la biti 64. Nafungua kazi, kidirisha kinasema plagini ya kinanda haipo. Nikabonyeza OK. Kidirisha cha pili, sampo za ngoma hazionekani. OK tena, nikijua nitazitafuta. Zilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa Morogoro mfukoni mwa jamaa yangu. Kisha, kwa mazoea ya mkono tu, nikapiga Ctrl+S. Nimehifadhi uharibifu juu ya kazi nzima. Nikarudisha toleo la 20, likaniambia faili limetengenezwa na toleo jipya zaidi, halikulifungua inavyopaswa. Nilipiga kinanda upya mpaka adhuhuri ya Ijumaa. Baba wa bibi harusi alisikiliza, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hiki kinanda mbona kama mlio wa simu?" Pesa alilipa. Hakurudi.

Kwa hiyo, fuata hivi, na usiruke.

Usihamie ukiwa na kazi ya mtu mezani. Hata ikibaki kumiksi tu. HASA ikibaki kumiksi tu.

Kabla ya kushusha chochote, fungua kila kazi unayoijali kwenye toleo la zamani, nenda File, Export, Zipped loop package. Hiyo inafunga kazi na sampo zake kwenye mfuko mmoja. Plagini za nje haizibebi, kwa hiyo andika majina yake kwenye daftari, na ipi ni ya biti 32. Programu ya biti 64 haiiendeshi plagini ya biti 32 moja kwa moja. Inahitaji daraja katikati, na daraja hilo linakula mashine.

Halafu toa kila chaneli kama WAV yake peke yake: kwenye kutoa WAV, weka alama pale Split mixer tracks. Watu wanaruka hapa kwa uvivu wa dakika tano. Plagini inakufa, toleo linakufa, kampuni nayo inaweza kufa, WAV itafunguka.

Sakinisha jipya BILA kufuta la zamani. Kila toleo kubwa linakaa folda yake, hayagombani. Fungua kazi kwenye jipya, na kitu cha kwanza kabisa piga Ctrl+N, siyo Ctrl+S. Kwenye FL, Ctrl+N inahifadhi nakala mpya yenye namba inayofuata, na faili la awali linabaki salama. Sikiliza wimbo mwanzo hadi mwisho. La zamani lifute baada ya mwezi, siyo siku hiyohiyo.

Karibuni maswali, ila somo lisomwe.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Kaka, naomba linki ya krak ya 2025.

Mwenye uzi: Hatua ya 4, aya ya mwisho.

Biti Kali: Mkuu, nina la 21, naona watu wana 2024 na 2025. Yale ya 22 na 23 nimeyakosaje?

Mwenye uzi: Hujakosa kitu. Baada ya 21 waliacha kuhesabu namba, wakaanza kuita kwa mwaka. Kama umenunua, 2025 ni haki yako bila kulipa. Hatua ya 8 kwanza lakini.

Dogo Janja wa Mbezi: Mwalimu nimeapdeti jana nikafuta la zamani, nimefungua nikaseva, sasa biti haina sampo. Nifanyeje? Haraka mteja yuko njiani.

Mwenye uzi: Jana. Na uzi umesoma leo. Haya: acha kuseva. Nenda Documents, Image-Line, FL Studio, Projects, Backup. Mle kuna nakala za hifadhi ya kujiendesha, chukua ya kabla ya jana. Sampo kama hukuzifuta, zirudishe kwenye folda ileile zilikokuwa, itaziona. Mimi ile Alhamisi sikujua kama folda hiyo ipo duniani.

Dogo Janja wa Mbezi: Imepatikana ya juzi asubuhi! Mungu akubariki.

Sauti Safi: Ndugu mtoa mada, ungekuwa mkweli ungewaambia watu Reaper ni dola 60 na majaribio yake yanafungua kazi zako mwenyewe. Hapa naona tangazo la kampuni.

Mwenye uzi: Ningelipwa na Wabelgiji nisingekuwa natumia bando la usiku. Nimesema mwanzo zote zinatoa muziki. Ila kweli, kwa mwenye kurekodi sauti zaidi kuliko kutengeneza biti, Reaper ni nyepesi, siku 60 za majaribio zina kila kitu, na dola 60 ni leseni ya mtu binafsi. Leseni yake haiendi maisha yote, inakubeba toleo ulilonunulia na lile kubwa linalofuata. Hilo hukulitaja.

Mwana Mburahati: Kaka shikamoo. Nina jambo linanisumbua. Nikirekodi bongo fleva ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika) msanii anakaa sawa. Nikimrekodi MC wa singeli kwenye 240, mashine ileile, maiki ileile, anasikika amechelewa. Anasema biti inamkimbia. Bafa yangu ni 2048. Kwa nini moja iharibike na nyingine isiharibike?

Mwenye uzi: Marahaba. Swali tamu hili, wengine jifunzeni kuuliza. Tupige hesabu. Kwenye 90, pigo moja lina milisekunde kama 667. Kwenye 240 lina 250 tu. Bafa ya 2048 ni milisekunde 46, na kumbuka sauti inacheleweshwa ikiingia na ikitoka, kwa hiyo anayejisikiliza kupitia programu anajisikia nyuma kwa kama 90. Kwenye 90 hiyo ni kama sehemu ya saba ya pigo, anaivumilia. Kwenye 240 ni zaidi ya theluthi moja ya pigo. MC wa singeli anamimina silabi nne ndani ya pigo, kila silabi ina milisekunde 62. Yaani anaposikia silabi ya kwanza, mdomo uko kwenye ya pili. Biti inamkimbia kweli, hajasingizia. Shusha bafa hadi 128, zima plagini nzito wakati wa kurekodi, au toa biti kama WAV moja, fungua kazi tupu, umrekodi juu yake. Na kama kadi yako ya sauti ina kitufe cha kumsikilizisha moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, tumia hicho, shida imeisha.

Mwana Mburahati: Nimeelewa. Kumbe nilikuwa nawafokea bure.

Mwenye uzi: Kawaombe radhi.

Mwalimu wa Kwaya, Mbagala: Habari zenu vijana. Nina miaka 58, nafundisha kwaya ya sauti nne, waimbaji 22. Kompyuta ni ya Windows 10, RAM GB 4. Sihitaji biti, nahitaji kurekodi nyimbo zetu zisipotee. Je, FL inanifaa?

Mwenye uzi: Shikamoo mwalimu. Kwa kazi yako FL ni kununua lori kwenda sokoni. Chukua Audacity, ni ya bure na GB 4 inatosha. Windows 10 ilimaliza kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta hiyo iwe ya kurekodia, mambo ya benki fanyia kwenye simu. Rekodi 44,100 na biti 24, stereo inakula kama MB 16 kwa dakika, saa nzima haifiki GB 1. Sauti ikipanda isizidi alama ya -12 kwenye kipimo cha sauti (dB), usiogope mawimbi kuonekana madogo. Maiki mbili mbele ya nusu duara, besi nyuma kwa sababu sauti zao zinafika mbali. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu kinarudisha mwangwi, tundikeni kanga na mablanketi nyuma ya waimbaji, hata godoro lisimamishwe. Feni izimwe. Najua joto la Mbagala, ila feni ikiingia kwenye rekodi haitoki kirahisi. Imbeni wimbo mmoja, muwashe, mpumzike, mzime.

Fundi Spika: Naongezea kwa mwalimu: akihamishia kwenye flashi, ile ya mfumo wa FAT32 inakataa faili moja linalozidi GB 4. Aiformati exFAT.

Mwenye uzi: Sawa, ila kuformati kunafuta kila kilichomo. Nasema mapema kabla mtu hajaja kulia hapa.

Mwalimu wa Kwaya, Mbagala: Asanteni sana. Tumerekodi jana jioni, imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni jogoo wa jirani, amewika mara mbili kwenye wimbo wa tatu. Anafutika?

Mwenye uzi: Aliyewika penye kimya, mkate. Aliyewika juu ya sauti, hatoki bila kuwajeruhi waimbaji. Rudieni ubeti huo mmoja tu, maiki zikiwa palepale na watu wamesimama walewale, kisha muunganishe pale kwaya inapovuta pumzi. Na safari hii rekodini saa nne usiku.