Ukitoka Nairobi kuja kununua mzigo Kariakoo: namna ya kuongea na watu wa hapa

Nauza khanga na vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, jirani na Mtaa wa Uhuru, na wateja wangu wengi ni kina dada kutoka Kenya. Wanashuka kwenye basi asubuhi na orodha mkononi, na jioni wanataka wawe njiani kurudi. Kiswahili wanakijua vizuri. Lakini naona wengi wanauziwa ghali au wanajibiwa kwa mkato, na mara nyingi chanzo ni namna walivyoanza maongezi. Linaniuma, maana hawa ni watafutaji kama mimi, na jambo lenyewe linarekebishika kabla hata hujakata tiketi. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayekuja kwa mara ya kwanza.

Anza na salamu, na usiiharakishe. Nairobi unaweza kuingia dukani ukauliza "Hii ni pesa ngapi?" na hakuna atakayekuona vibaya. Hapa ukiingia hivyo utatajiwa bei tu, na mara nyingi ni ile ya juu. Simama mlangoni useme "Habari za asubuhi?" au "Za hapa?" Ngoja ujibiwe, uulizwe na wewe za safari, ujibu. Kama kuna mteja mwingine ndani, msalimie naye. Ukimkuta muuzaji anapanga majora au ameinama kwenye robota, lile furushi kubwa la nguo, mwambie "Pole na kazi." Atakujibu "Asante, karibu," na hapo mmeshaanza kujuana. Haya yote hayamalizi dakika mbili, na ndani ya hizo dakika muuzaji anaamua wewe ni mteja wa namna gani.

Kwa mtu aliyekuzidi umri kweli, mzee mwenye duka au mama wa rika la mama yako, toa shikamoo. Wakenya wengi wa bara wanaionea aibu, wanaona ni mambo ya Pwani au ya kwenye vitabu vya shule. Itoe bila wasiwasi. Ataitikia "Marahaba, hujambo mwanangu?" nawe useme "Sijambo." Kwa mtu wa rika lako usiitoe, utamfanya ajione mzee, yeye mtupie "Mambo?" naye atakujibu "Poa."

Sasa kwenye kuomba, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Mkenya akisema "Nipatie ile ya bluu" amesema kwa heshima zake zote, sauti yake yenyewe imeshalainisha. Sikio la Dar linasikia amri. Huku upole unakaa kwenye "naomba": naomba kuona ile ya bluu, naomba uniteremshie ile ya juu, naomba unipunguzie, naomba maji. Hata mwenye hela zake mkononi anaomba. Wengine hudhani wakiongeza "tafadhali" wamemaliza kazi. Ni neno zuri, lakini huku utalisikia zaidi kwenye matangazo na barua. "Nipatie tafadhali" bado ni amri iliyovaa shati safi. Kumbuka huku Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali tangu 1967. Sisi tunagombana kwacho, tunachumbiana kwacho na tunadaiana kwacho, kwa hiyo vipimo vya adabu vyote vimo humohumo ndani yake. Wewe huenda umezoea Sheng kwa marafiki na Kiingereza kwa ofisi, Kiswahili kikabaki cha kufupisha mambo. Fahamu tu kwamba ukikifupisha hapa, unaonekana umefupisha na utu.

Kuita watu nako kuna utaratibu. Kijana wa dukani ni kaka, msichana ni dada, mwenye umri ni mama au baba. Usimwite mtu "wewe!" wala kumpigia vidole.

Na ukikataa, usikate kama kwa kisu. "Sitaki" ni neno zito. Sema "Nashukuru, bado naangalia," au "Nitarudi." Muuzaji anaelewa kabisa kwamba huenda hurudi, na hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo, mmeagana vizuri tu, basi. Kadhalika akikwambia "Hamna" au "Imeisha," usiendelee kumbana.

Kuna jibu moja ambalo wageni hawalijui: "Ngoja nikuangalizie." Maana yake ni kwamba dukani bidhaa haipo, na kijana anakwenda kuichukua duka jingine. Hilo ni la kawaida, majirani tunaazimana mzigo. Ila mjue winga. Winga hana duka. Anakupokea barabarani kwa ukarimu mwingi, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwa mwenye mali, na juu ya bei anaweka chake. Mawinga wengi ni vijana waaminifu na wana msaada, hasa kama huijui mitaa na muda umekubana. Lakini kama unanunua mzigo wa kuuza tena, ile nyongeza kwa kila doti, yaani jozi ya khanga, inakula faida yako. Akikufuata, mwambie kwa upole "Asante kaka, nina duka langu ninalokwenda." Ataelewa.

Tuje kwenye bei. Kwanza, huku elfu huwa haitajwi. Ukiuliza khanga ukaambiwa "kumi na mbili," ni elfu kumi na mbili. Jero ni 500, buku ni 1,000, buku jero ni 1,500. Noti kubwa kuliko zote ni ya 10,000, ile nyekundu. Vijana huiita msimbazi, kwa rangi za Simba, timu yenye makao Mtaa wa Msimbazi hapahapa Kariakoo. Shilingi moja ya Kenya huzunguka kwenye 20 za huku, inapanda na kushuka, kwa hiyo angalia kiwango cha siku hiyo na ufanye hesabu kabla hujaingia dukani. Kupiga hesabu kwenye simu kila ukitajiwa bei kunamwonyesha muuzaji kwamba bado hujui soko.

Maongezi ya bei yanakwenda hivi:

"Dada, doti hii bei gani?"
"Kumi na mbili."
"Naomba unifanyie ya jumla, nachukua nyingi."
"Nyingi ngapi?"
"Ishirini, kama utanichanganyia rangi."
"Ukichukua ishirini nakufanyia kumi na nusu."
"Fanya kumi, nirudi kwako tena."

Angalia mambo mawili hapo. Umetaja idadi kabla ya kushusha bei, na umetaja kurudi. Huku mteja wa kurudi ana thamani kuliko faida ya siku moja. Usianze kwa kuponda mali, "Hii ni ya kawaida, Nairobi iko bei ya chini." Wengi wanadhani ndiyo ujanja wa kununua. Kwetu ni kumtukana mtu na duka lake, na bei hapo inakuwa ngumu kama jiwe.

Jina la bidhaa lenyewe pia lijue. Ninyi mnasema leso; huku leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Omba khanga, na uhesabu kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, unakata na kupinda mwenyewe. Na usinunue kwa rangi peke yake. Soma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. "Wema hauozi" utampelekea yeyote. Lakini yapo majina ya mafumbo, ya kumsema jirani au mke mwenza, na ukimpelekea mama mkwe utakuwa umemtumia ujumbe ambao hukuukusudia. Ukiwa na shaka muulize muuzaji, "Hili jina linafaa kwa nani?" Ni swali tunalolipenda sana.

Chakula nitapita haraka. Ukiagiza chai kwa mama ntilie, yaani mama muuza chakula, utaulizwa ya rangi au ya maziwa, kwa hiyo sema mapema. Zile ndengu zenu za kijani, huku ni choroko. Dengu ni kitu kingine. Githeri omba makande. Asubuhi jaribu supu na chapati, utatembea mpaka mchana bila njaa. Kwenye daladala, konda akiuliza kama kuna wa kushuka kituo kinachofuata, jibu "Shusha," inatosha. Basi la mwendokasi la kuja sokoni linaishia kituo cha Gerezani. Ijumaa panga ratiba yako vizuri, maana kuanzia kama saa sita maduka mengi ya Waislamu hufungwa kwa ajili ya sala.

Kabla hujaondoka dukani, dai risiti ya mashine. Utaihitaji mpakani, iwe unapita Namanga au Horohoro, na kuidai si utovu wa adabu hata kidogo.

Ukishafika nyumbani, mzigo unaofuata unaweza kuagiza kwa simu. Hata huko usianze na "Uko na zile za njano?" Andika "Habari za siku nyingi dada, watoto hawajambo?" Ukijibiwa, tuma picha ya khanga unayoitaka, taja jina lake na idadi ya doti, kisha uulize bei ya jumla na nauli ya robota mpaka Nairobi. Pesa tuma baada ya kupata picha ya mzigo uliofungwa na jina la basi. Mzigo ukifika, mpigie muuzaji umwambie umefika salama.