Nyundo au kijiko? Namna ninavyoamua kabla ya kubomoa

Mteja akinipigia simu, cha kwanza anauliza bei ya kijiko, ile mashine ya mkono mrefu ya kuchimba na kubomoa. Mimi namuuliza: ukuta wa jirani uko umbali gani?

Nyumba ikiwa peke yake kiwanjani na lori linafika, leta kijiko, siku moja inatosha. Ila kwetu Kariakoo kuta zimegusana. Kijiko kikisukuma wako, wa jirani nao unapata ufa. Hapo ni nyundo, tindo na mtaimbo, tena kutoka juu kushuka: mabati, kenchi (mbao zinazobeba paa), linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ndipo tofali, safu kwa safu. Inachelewa, lakini milango, mbao na mabati unavitoa vizima, unaviuza.

Ghorofa la zege ni habari nyingine. Banua plasta kwanza uone nondo zinaelekea wapi, ujue bimu (boriti ya zege) ipi imebeba slabu (sakafu ya zege ya ghorofa). Slabu inakatwa vipande vidogo huku chini imeegemezwa kwa mirunda, na kifusi kinashushwa kila siku. Niliwahi kuacha kifusi cha siku mbili juu. Asubuhi nikakuta slabu imebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Tulishuka ngazi mmoja mmoja, hakuna aliyesema neno.

Paa la asbesto usilipige nyundo hata kidogo, vumbi lake linaua mapafu. Lilowesheni maji, fungueni misumari, shusheni shiti nzima nzima.

Umeme? Ukatwe kabla hata ya kupanda. Na baruti mjini, sahau.