Pesa ya Kumlipa Mwanafunzi Msaidizi: Mwongozo kwa Mtafiti Aliye Ughaibuni

Mtafiti aliyeajiriwa na chuo ughaibuni, awe mhadhiri au yuko kwenye mkataba wa baada ya uzamivu, hukuta mapema kwamba data inamzidi nguvu. Mahojiano yanasubiri kuandikwa kutoka kwenye sauti, hojaji hazijaingizwa kwenye kompyuta, marejeo ya kusoma yamerundikana. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii angeokoa nusu ya muda wako. Kabla ya kumtafuta, jua ni pesa gani inayoruhusiwa kumlipa.

Wengi huanza na mifuko iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi, na huko ndiko masharti ya uraia yalikojaa. Marekani, mpango wa REU (wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti) wa National Science Foundation (NSF), shirika la serikali linalofadhili sayansi, humruhusu mtafiti mwenye ruzuku inayoendelea kuomba nyongeza, kwa kawaida ya mwanafunzi mmoja au wawili wa shahada ya kwanza. Ni njia nzuri, lakini mwanafunzi huyo lazima awe raia au mkazi wa kudumu. Canada nako, tuzo za USRA, za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazotolewa na NSERC (baraza la serikali linalofadhili sayansi na uhandisi) ni za raia, wakazi wa kudumu na waliopewa hifadhi ya ukimbizi. Kijana aliyetoka nyumbani kwa visa ya masomo hana nafasi hapo, hata awe bora kuliko wenzake wote.

Sasa angalia upande wa pili, ambao watu huupita. Ruzuku ya kawaida ya utafiti ya NSF haina sharti hilo la uraia kwa msaidizi. Ukiweka mshahara wa mwanafunzi ndani ya bajeti ya mradi tangu mwanzo, unaweza kumwajiri mwanafunzi wa kigeni, mradi visa yake inaruhusu kazi hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msaidizi aingie kwenye andiko la mradi lenyewe, na nyongeza ziombwe baadaye pale zinapofaa.

Canada hilo lina faida zaidi. Katika ruzuku za utafiti za NSERC ziitwazo Discovery, mchango wako katika kuwafunza vijana ni kimoja kati ya vigezo vitatu vya tathmini, kwa hiyo mwanafunzi kwenye bajeti anakuongezea alama. Kwa sayansi ya jamii na fasihi kuna Insight Development Grants za SSHRC, baraza la Canada linalofadhili fani hizo, kuanzia dola 7,000 hadi 75,000 za Canada. Uingereza, ruzuku ndogo za British Academy (taasisi ya taifa ya sayansi za jamii na fasihi) na mfuko wa Leverhulme hufika pauni 10,000 na hukubali gharama za msaidizi wa utafiti. Mwombaji awe anaishi Uingereza. Ujerumani, miradi ya DFG, shirika kuu la kufadhili utafiti nchini humo, hulipia wanafunzi wasaidizi kama jambo la kawaida.

Kama huna ruzuku bado, uliza idara yako kuhusu fedha za ndani za kuanzishia utafiti. Marekani uliza pia kuhusu Federal Work-Study, mpango wa serikali wa kazi kwa wanafunzi wenye uhitaji wa kifedha: serikali kwa kawaida hubeba hadi asilimia 75 ya mshahara wa mwanafunzi anayestahili, na idara hulipa kilichobaki. Wenye F-1, visa ya Marekani ya wanafunzi wa kigeni, hawamo, lakini wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi wanaotambuliwa wanaweza kustahili, na vijana wa jamii zetu walio katika makundi hayo si wachache.

Saa za kazi ndizo huharibu mipango mizuri. Mwenye F-1 anaruhusiwa saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa muhula, na hizo ni jumla ya kazi zake zote za chuoni. Kama tayari anafanya saa 12 maktaba, wewe umebakiwa na 8. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida ana saa 20 hizohizo wakati wa muhula. Ujerumani kuna kikomo cha siku 140 kamili kwa mwaka kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, lakini kazi ya mwanafunzi msaidizi chuoni haihesabiwi humo. Muulize mwanafunzi kazi zake nyingine kabla ya kusaini chochote, na umpeleke ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikathibitishe.

Bajeti yenyewe anza na saa. Saa 10 kwa wiki kwa muhula wa wiki 14 ni saa 140. Zidisha kwa kiwango cha chuo chako, kisha ongeza makato ya mwajiri na gharama za taasisi. Marekani, mwanafunzi anayesoma na kufanya kazi chuo hichohicho kwa kawaida hakatwi Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na bima ya afya ya serikali. Likizo ndefu akiwa hajasajiliwa kwenye masomo, makato yanaweza kurudi, na mchango wa mwajiri ni asilimia 7.65. Mtu wa ofisi ya ruzuku atakufanyia hesabu hii kwa dakika chache ukimpelekea mapema. Usimfuate siku moja kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Maelezo ya bajeti ndiyo yanayoshawishi. “Msaidizi wa utafiti, saa 140” haitoshi. Andika atafanya nini: ataandika mahojiano mangapi, kwa lugha gani, na nani atakagua kazi yake. Ikiwa mahojiano ni ya Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali, sema wazi kwamba unahitaji mtu anayeimudu lugha hiyo vizuri. Hapo tunayo nguvu ambayo watafiti wengine hawana, na ni haki kuitumia.

Lakini usimwajiri mpwa wako. Ombi litakuja, tena kutoka kwa watu unaowaheshimu. Tangaza nafasi kupitia chuo, na kama ndugu yako ameomba, toa taarifa kwa maandishi na mwache mwingine aamue. Mgongano wa maslahi kwenye fedha za ruzuku unaweza kukufungia milango ya wafadhili.

Ukitaka kumlipa mwanafunzi aliye nyumbani, pitisha pesa kwenye chuo chake kwa mkataba mdogo kati ya vyuo, na shughulikia kibali cha utafiti mapema kwenye taasisi ya sayansi ya nchi hiyo: NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania, UNCST kwa Uganda.

Popote alipo, jina lake liingizwe kwenye idhini ya kamati ya maadili kabla hajafungua faili hata moja lenye taarifa za watu.

Na akihitimu katikati ya mradi huku pesa yake imebaki, usiitumie haraka-haraka. Ruzuku nyingi za NSF huruhusu chuo kusogeza tarehe ya mwisho kwa hadi miezi 12 bila fedha mpya, mradi NSF iarifiwe angalau siku 10 kabla ya ruzuku kuisha. Muda huo unatosha kumpata msaidizi mwingine na kumfundisha kazi.