Kifuu, nyuzi mbili na konokono

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hapa Mikindani niliinua gamba la konokono mbele ya darasa nikasema, "Mnaona alivyojipinda?" Nilikosea. Gamba kujiviringa ni jambo moja, mwili kujipinda, yaani mzigo wa mgongoni kugeuka nyuma mbele, ni jingine kabisa. Yule anayeganda mwambani, mwenye gamba kama kofia, hana hata mzunguko mmoja na bado kajipinda.

Siku hizi natumia kifuu kidogo. Kitoboe ukingoni, kulia na kushoto, ufunge uzi kila tundu: mwekundu na wa buluu. Laza mkono wa kushoto mezani, kiganja chini. Vidole ni kichwa, kiganja ni mguu, kifuu ni gamba na viungo vilivyomo, nyuzi ni neva. Funika kifuu mgongoni mwa mkono. Uzi wa kulia ufunge kidole gumba, wa kushoto kidole cha mwisho. Ukingo unaoelekea kiwiko upake mkaa: hapo ndipo matamvua ya kupumulia na tundu la haja. (Watacheka. Waache wamalize.)

Sasa zungusha kifuu peke yake nusu duara, kinyume cha mwendo wa saa. Mkaa umefika juu ya vidole, nyuzi zimepishana. Ndivyo inavyomtokea konokono angali lava: mzigo wa mgongoni hugeuka nyuzi 180 (nyuzi nyingine hizo, fafanua mapema) na neva zikakaa kama tarakimu 8.

Ila usipasue konokono wa shambani kuitafuta hiyo 8. Neva zake zimefupika, hutaiona. Mvua zikianza, okota mkubwa chini ya mikorosho, mtie kwenye chupa ya kioo, mlishe karoti. Kesho yake tazama upande wa kulia, penye mdomo wa gamba: kuna kitundu kinafumba na kufumbua, anapumua. Kinyesi cha rangi ya karoti kinatokea papo hapo, shingoni kabisa. Darasa langu lilinyamaza kimya.

Kisha rudisha kifuu. Nyuzi zinalala sambamba tena, kama kwa koa wengi wa baharini, ambao mwili wao umejipindua kurudi. Subiri bamvua, maji yakikupwa sana, uinue mawe taratibu na kuyarudisha yalivyokuwa. Ukibahatika utamkuta koa mwenye shada la matamvua mgongoni karibu na mkia. Tundu la haja liko katikati ya shada. Yule mnene atoaye wino wa zambarau hakurudi hadi mwisho. Kwake rudisha kifuu robo na kidogo tu, mkaa ukae upande wa kidole gumba.