Namna ya kukokotoa bei ya kambakochi kabla mnunuzi hajaitaja

Wavuvi wengi hushusha kambakochi (hapa tutamwita kamba) ufukweni kisha ndipo waulize tajiri, yaani wakala anayenunua hapo mchangani, anatoa ngapi leo. Wakati huo nguvu ya kubishana imekwisha, maana kamba yuko juani na kila dakika anadhoofika. Kokotoa bei yako mapema, ukianzia kwa mlipaji wa mwisho (hoteli au kiwanda) na kurudi nyuma hadi mchangani.

Chukua kilo 50. Tuseme kiwanda kinalipa shilingi 40,000 kwa kilo ya kamba hai, 20,000 kwa waliokufa njiani, na usafiri pamoja na barafu ni 250,000. Zikifa kilo 5, zile 45 zinaleta 1,800,000 na zilizokufa 100,000. Toa gharama, gawa kwa 50: unapata 33,000. Tajiri akilipa zaidi ya hapo anapata hasara, na akilipa 25,000 unajua anabaki na 8,000 kwa kila kilo. Sasa vifo vikipungua hadi kilo 2, hesabu ileile inatoa 34,200. Hiyo 1,200 haikuhitaji kuvua hata kamba mmoja zaidi. Weka namba za kwenu.

Ndiyo maana kumtunza kamba ni sehemu ya bei. Aliyechomwa mshale hauziki hai, na aliyekatika papasi (zile nyuzi ndefu za kichwani) au miguu hushushwa daraja. Kizimba cha kuwahifadhia baharini kikae mbali na mdomo wa mto, kwani mvua za masika hupunguza chumvi ya maji na kamba hufa. Usiwasonge: anayejivua gamba huwa laini, na wenzake humla. Safarini wafunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na barafu ikae ndani ya chupa zilizozibwa na kuviringishwa gazeti. Barafu tupu ikiyeyuka hutoa maji yasiyo na chumvi, nayo huua. Wakati wa kupima, waache wachuruzike kwanza, pande zote mbili zikubaliane kwa muda gani. Maji yaliyobaki kwenye matamvua ni chanzo cha ugomvi wa mizani. Jike mwenye mayai arudi baharini. Ndiye mzigo wa miaka ijayo.

Kisha tazama kalenda. Kusi likivuma sana, kati ya Juni na Agosti, wazamiaji hutoka kwa nadra, ilhali hoteli nyingi za pwani hujaa Julai na Agosti. Mwenye kizimba imara sehemu iliyokingwa na mawimbi huuza vizuri hapo. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga au hupunguza wageni. Desemba kuna Krismasi, na mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari au Februari, huongeza mahitaji ya kamba hai huko Asia.

Hatari kubwa ni wote kushusha kwa pamoja. Jimbo la Maine, Marekani, lilivua karibu kilo milioni 48 za kamba mwaka 2011 na karibu milioni 58 mwaka 2012, lakini mapato ya kila mwaka yalibaki kati ya dola milioni 330 na 345. Mwaka huo wa 2012 bahari ilipata joto mapema, kamba wakajivua gamba wiki kadhaa kabla ya msimu, na viwanda vya Kanada vinavyowasindika bado vilikuwa vimejaa mzigo wa kwao. Kamba wa gamba laini hasafiri mbali akiwa hai, hivyo hakukuwa na pa kuwapeleka. Kwetu jambo hilohilo hutokea bahari inapotulia baada ya kusi na eneo zima lina chumba kimoja cha baridi. Kabla ya kutoka, mpigie mnunuzi simu umuulize amebakiza nafasi ya kilo ngapi. Ikiwa ndogo, kundi ligawane siku za kuzamia.

Mwisho, pima deni. Tajiri anayekukopesha 600,000 ya mashine ya boti na kununua kwa 28,000 badala ya 33,000 anakukata 5,000 kila kilo. Ukiuza kilo 40 kwa mwezi, hiyo ni 200,000. Miezi mitatu inatimiza 600,000, na deni lenyewe bado liko vilevile. Omba marejesho yatenganishwe na bei: ulipwe 33,000 kamili, halafu kiasi mlichokubaliana kikatwe kwenye daftari mbele yako.