Somo: Kurudi kwenye pumzi

Wengi huniambia, "Mwalimu, mimi siwezi, akili yangu haitulii." Basi tuanzie hapo hapo. Zoezi hili la kukaa kimya na kufuata pumzi halidai usiwe na mawazo. Kazi yako ni kugundua kwamba umeondoka, kisha kurudi.

Asili yake ni kwa watawa wa Kibudha. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa zoezi hili katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa kozi ambayo leo huchukua wiki 8. Wengi wao walikuwa na maumivu yaliyokuwa yamewachosha kwa muda mrefu.

Hatua ya 1. Tenga dakika 5 asubuhi, kabla hujashika simu. Kaa kwenye kiti au mkeka, mgongo wima. Kitandani sikushauri.

Hatua ya 2. Vuta pumzi kwa pua, halafu itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Moyo huenda mbio kidogo tunapovuta hewa, na hupunguza mwendo tunapoitoa. Fanya mara 3, kisha iache iende yenyewe.

Hatua ya 3. Ifuate mahali pamoja tu, puani au tumboni.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Punde si punde utajikuta kwenye ada ya shule, au kwenye maneno aliyokutupia wifi yako juzi. Usijigombeze. Liite wazo hilo jina lake kimoyomoyo, "hofu" au "hasira", kisha rudi kwenye pumzi. Ukirudi mara 30, umefanya zoezi mara 30. Siku moja mtu atakuudhi, nawe utaiona hasira ikipanda kifuani kabla haijafika mdomoni. Mwaka niliofiwa na mama sikuacha kulia. Ila kilio kilipokuja nilikijua, nikakaa nacho, kikapita, nikainuka nikabandika chai.

Hatua ya 5. Mara moja kwa wiki, kula zabibu kavu moja. Itazame mikunjo yake, inuse, iweke ulimini kabla ya kutafuna. Utashangaa ni mangapi tunayameza bila kuyaonja, na furaha nyingi za siku zimo humo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Je, hii haigongani na dini yangu?
Marahaba mwanangu. Unachofanya ni kusikiliza pumzi yako, hakuna unayemwomba. Wapo wanaolifanya kabla ya sala ili waingie wakiwa wametulia. Moyo ukisita, zungumza na kiongozi wako wa dini kwanza.

Mimi nasinzia kila mara.
Huenda una deni la usingizi, dada. Lilipe kwanza. Kisha jaribu ukiwa umefumbua macho, au ukitembea polepole uani.

Nikifumba macho yananijia mambo mabaya yaliyonipata zamani. Nivumilie?
Hapana, usijilazimishe. Fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu 5 unavyoviona chumbani. Acha zoezi kwa siku hiyo. Yakiendelea kukujia, muone mshauri nasaha au mhudumu wa afya ya akili, na ukienda mwombe mtu unayemwamini akusindikize.