Jiko la safari ya baiskeli nje ya nchi: chagua mafuta kwanza

Wanaojiandaa kuvuka mpaka kwa baiskeli huniuliza wanunue jiko gani. Mimi nami huwauliza: unapita wapi, na huko kunauzwa mafuta gani? Jiko zuri lisilopata mafuta njiani ni mzigo tu kwenye keria. Nitatumia njia ya Mbeya, Tukuyu, mpaka wa Kasumulu, Karonga nchini Malawi, ushuke kando ya ziwa hadi Salima, kisha uingie Tete nchini Msumbiji. Njia hii ina karibu kila tatizo la mafuta utakalokutana nalo kusini mwetu.

Hatua ya 1: Jua kinachopatikana njia nzima

Makopo madogo ya gesi yanayofungwa kwa hesi ni masafi na huwaka mara moja. Lakini hayo utayatafuta kwenye maduka ya wapanda milima, Nairobi au Moshi, wala usitarajie kuyakuta Karonga. Mtungi wa gesi wa nyumbani hauingiliani na kichomeo cha makopo hayo.

Spiriti inafaa kwa safari fupi. Jiko lake, kama Trangia ya Sweden, halina pampu wala valvu ya kuharibika. Tatizo ni kwamba spiriti ina karibu nusu tu ya nguvu ya petroli kwa uzito uleule, kwa hiyo utabeba nyingi. Halafu moto wake hauonekani juani. Kabla ya kuongeza spiriti, pitisha jani kavu juu ya kikombe cha jiko. Likishika moto, subiri.

Yanabaki mafuta ya taa na petroli. Kwa safari ndefu mimi nachagua petroli bila kusita: palipo na bodaboda pana petroli.

Hatua ya 2: Nunua jiko la kupampu linalokubali yote mawili

Soma boksi vizuri. MSR WhisperLite ya kawaida imetengenezwa kwa petroli nyeupe iliyosafishwa maalumu kwa majiko, ambayo sheli zetu hazina. Ile iliyoandikwa International ndiyo inayochoma petroli isiyo na risasi na mafuta ya taa. Jiko la Primus OmniFuel huja na jeti tatu (vipande vyenye tundu dogo la kutolea mafuta) zilizopigwa namba: 0.45 ya gesi, 0.37 ya petroli, 0.28 ya mafuta ya taa na dizeli. Tundu la mafuta ya taa ni dogo zaidi. Ukisahau kubadilisha jeti, moto utakuwa wa njano na sufuria itajaa masizi. Beba oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za akiba na sindano ya kuzibulia jeti. Hivyo huvipati kijijini.

Hatua ya 3: Kununua mafuta

Mtu mmoja anayepika chai asubuhi na mlo mmoja jioni hutumia kama mililita 100 hadi 150 kwa siku. Ukibeba maharage makavu, hesabu hiyo haitatosha. Nunua dengu, au loweka maharage kwenye chupa ya mdomo mpana ukiwa unaendesha.

Jaza Kyela kabla ya kuvuka. Malawi imewahi kukumbwa na uhaba wa mafuta mara kadhaa, na foleni sheli huwa ndefu. Petroli ya huko huchanganywa na ethanoli tangu 1982. Kiwanda kimoja kiko Dwangwa, katikati ya mashamba ya miwa unayoyapita. Inawaka vizuri, ila ethanoli huvuta unyevu, kwa hiyo usiiache kwenye chupa wiki nyingi.

Sheli nyingine hukataa kujaza chupa ya mafuta ya jiko. Msalimie mhudumu, muonyeshe jiko lenyewe, umweleze unapika nalo. Kichwa cha pampu ya sheli ni kikubwa kwa mdomo wa chupa, kwa hiyo pokea kwenye kidumu cha chuma kisha mimina kwa faneli yenye kitambaa safi. Usipitishe mstari wa kikomo kwenye chupa: pampu ya jiko inahitaji nafasi ya hewa.

Majina nayo ni hatari kweli. Tete, omba *gasolina*; *petróleo* ni mafuta ya taa, na *gasóleo* ni dizeli. Ukikunja kwenda Lubumbashi, Kongo, petroli ni *essence*, na ukisema “petroli” unaweza kuletewa *pétrole*, yaani mafuta ya taa. Ukiwa na shaka, dondoshea tone kwenye jiwe lililo mbali na moto. Petroli hukauka upesi bila kuacha kitu. Mafuta ya taa hubaki yakiteleza kidoleni.

Hatua ya 4: Kuwasha

Washa nje, kamwe usiwashe ndani ya hema. Pampu mara ishirini hivi, fungua valvu kidogo hadi mafuta yalowanishe kikombe cha chini, kisha funga. Washa kiberiti. Moto utaruka juu, wa njano, hiyo ni kawaida. Subiri ushuke hadi ukaribie kuzimika, ndipo ufungue valvu taratibu. Ukisikia mngurumo na kuona bluu, weka sufuria. Ukiona njano bado, bomba halijapata joto: funga, acha lipoe kabisa, anza upya. Watu wengi huharakisha hapa, na hapa ndipo nyusi huungua. Kuanzisha joto kwa kijiko cha spiriti hupunguza masizi sana.

Ngozi ya pampu ikilegea na kutovuta hewa, ipake tone la mafuta ya kupikia.

Hatua ya 5: Ukirudi kwa ndege

Mafuta na makopo ya gesi hayapandi ndege, iwe kwenye begi la mkononi au la mizigo. Jiko lililotumika linahitaji idhini ya shirika, kwa hiyo andika kuomba kabla ya siku ya safari na utembee na jibu lao. Petroli iliyobaki mpe mtu wa bodaboda. Acha chupa na jiko wazi nje, penye upepo, kutwa nzima, kisha osha kwa sabuni hadi harufu iishe, wakaguzi hunusa.